Kwa Nini Selaginela Hunyauka Udongo Ungali Umelowa

Wapenda maua wengi wameipitia hali hii. Mtu ananunua selaginela kwenye kitalu cha kando ya barabara, kijani kibichi, imetanda mpaka inamwagikia nje ya chungu. Anaifikisha nyumbani, anaiweka barazani, anaimwagilia kila asubuhi bila kukosa. Wiki ya pili ncha zinaanza kukauka na kugeuka rangi ya kaki. Anazidisha maji. Wiki ya tatu mashina ya chini yanakuwa meusi na kulainika. Akitia kidole kwenye udongo anakuta umelowa chepechepe. Hapo ndipo watu husema mkono wao una nuksi, au muuzaji amewauzia kitu kisicho na mizizi.

Mkono hauna nuksi, na muuzaji pengine hana kosa. Mmea umenyweshwa mahali pasipo na kiu. Selaginela huonja ukame kwa majani kabla ya mizizi, na anayeitunza kwa kuangalia udongo peke yake ataua ya kwanza, ataua ya pili, kisha ataacha. Karibu kila jambo katika utunzaji wake, kuanzia mahali pa kuipanda hadi namna ya kuizalisha, linatokana na mwili wake ulivyoumbwa. Kwa hiyo tuanze na mwili.

Kwa macho ya haraka selaginela hufanana na kuvumwani, ule utando laini wa kijani unaoota juu ya mawe na matofali yenye unyevu. Ukiisogelea utadhani ni kangaga changa. Si hiki wala kile. Kuvumwani haina mishipa ya kusafirisha maji, selaginela inayo. Kangaga lina jani pana lenye mishipa iliyogawanyika; jani la selaginela ni kijipande cha milimita chache chenye mshipa mmoja tu katikati. Ni mmea wa ukoo wa kale mno, uliojitenga na mimea mingine yenye mishipa zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na jamaa zake wa zamani hawakuwa wadogo. Miti ya Lepidodendron, ya ukoo huohuo, ilifika zaidi ya mita 30 katika vinamasi vya zama za Karboni, na mabaki ya misitu ile ni sehemu kubwa ya makaa ya mawe yaliyoendesha viwanda vya Uingereza. (Makaa yetu ya Ngaka na Mchuchuma ni ya zama zilizofuata, na mimea iliyoyaunda kwa sehemu kubwa ni mingine, kwa hiyo tusiipe selaginela sifa isiyo yake.) Waliobaki leo ni wadogo, lakini ni wengi: jenasi ya Selaginella peke yake ina spishi zaidi ya 700, nyingi zikiwa za misitu ya tropiki.

Wapo jamaa wengine wa karibu ambao mtu wa bustani anapaswa kuwajua ili asiwaguse. Ukipanda barabara za milimani, kwenye kingo zilizochongwa za udongo mwekundu, utaona mmea uliosimama wima kama mti mdogo wa Krismasi, ncha zake zikiinama. Huo ni Lycopodiella cernua. Juu zaidi, kwenye baridi, kuna Lycopodium clavatum unaotambaa. Yote miwili inashawishi, na watu huing'oa wakaiweka kwenye ndoo nyuma ya gari. Kazi bure. Mimea ya kundi hili huishi kwa ushirika na kuvu wa udongo ilikoota. Mtoto wa Lycopodium clavatum huanza maisha chini ya ardhi, hana rangi ya kijani, analishwa na kuvu, na anaweza kukaa humo miaka kabla ya kuchomoza. Ukiuhamisha mmea mkubwa kuvu wake wakabaki nyuma, umehamisha maiti.

Wazungu waliuthamini mmea huo wa Lycopodium clavatum kwa jambo lisilohusu bustani hata kidogo. Spora zake, lile vumbi laini la manjano linalotoka kwenye vishada vya juu, hazishiki maji na huwaka mara moja zikirushwa hewani. Wafamasia walizipaka kwenye vidonge visigandane, mafundi wa fataki na wa majukwaa ya maigizo walizitumia kutoa mmweko wa moto, na mwaka 1807 ndugu wawili wa Ufaransa, Nicéphore na Claude Niépce, walizichoma ndani ya injini yao waliyoiita Pyréolophore na kusukumia mashua kwenye mto Saône. Nicéphore huyo ndiye aliyekuja kuwa baba wa upigaji picha. Basi mmea huo tuuache kwenye kingo za barabara, turudi kwa selaginela, ambayo haidai kuvu wa aina hiyo ili ishike ardhi mpya.

Nitakayoitolea mifano ni Selaginella kraussiana, kwa sababu hulimwa sana na kwa sababu ni ya kwetu. Asili yake ni misitu yenye baridi ya milima ya Afrika, mashariki hadi kusini, ingawa inaota pia visiwa vya Azores kule Atlantiki. Jina lake linamkumbuka Ferdinand Krauss, Mjerumani aliyekusanya mimea na wanyama Natal mwishoni mwa miaka ya 1830. Huko Ulaya iliingia kwenye nyumba za vioo na haijatoka tangu hapo. Hutambaa, hutoa tawi huku na huku, na mahali panapoipenda hufunika ardhi pasionekane udongo.

Sasa mwili. Chukua tawi moja ulitazame kwa lenzi ya mkononi. Majani yamejipanga safu nne: safu mbili za pembeni zenye vijani vikubwa zaidi vilivyolala bapa, na safu mbili za juu zenye vijani vidogo vilivyobana shina. Vyote ni vyembamba kiasi kwamba ukivielekeza kwenye mwanga unaona upande wa pili. Ngozi ya jani, ile nta inayozuia maji yasipotee, ni haba. Mwembe una jani nene lenye kung'aa kwa nta, nao unaweza kusimama kwenye jua la saa saba usijali. Selaginela imejengwa kwa ajili ya sakafu ya msitu, ambako hewa haikauki na mwanga ni wa kuvizia. Kisha tazama mizizi. Ni nyuzi fupi zinazoshika tabaka la juu la udongo, sentimita chache tu. Jumlisha hayo mawili: jani linalopoteza maji upesi, na mzizi mfupi unaopandisha maji kwa kiasi kidogo. Hewa ikiwa kavu, maji hutoka majani haraka kuliko mizizi inavyoweza kufidia, hata mizizi hiyo iwe imekaa ndani ya tope. Ukiongeza maji chini huongezi kasi ya mizizi. Unafukuza hewa kwenye udongo, mizizi inakosa pumzi, inaoza, na uwezo mdogo uliokuwepo unaisha kabisa. Ndiyo maana mmea hukauka juu na kuoza chini kwa wakati mmoja, jambo linalowachanganya watu.

Aliyeonyesha upande wa pili wa hoja hii, bila kukusudia, ni daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward. Makangaga yake yalikuwa yakifa kwa moshi wa jiji. Mwaka 1829 aliweka pupa wa nondo ndani ya chupa yenye udongo wenye unyevu, akaifunga, na baada ya muda akaona kangaga dogo na nyasi vimejiotea ndani. Maji yalikuwa yakipanda kama mvuke, yakigeuka matone kwenye kioo na kushuka tena. Chupa iliendelea hivyo kwa miaka bila mtu kumwagilia. Ward akatengeneza makasha ya kioo, akaandika kitabu mwaka 1842, na makasha hayo yakabeba miche baharini kati ya mabara. Katika makasha ya sebuleni ya Waingereza wa enzi hizo, selaginela ilikuwa mgeni wa kawaida. Hakuna aliyekuwa ameboresha udongo. Walichobadilisha ni hewa.

Anayetaka kuona mmea huu unataka nini aende msituni, si dukani. Msitu wa Amani, Usambara Mashariki, uko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na Wajerumani walianzisha bustani ya mimea hapo mwaka 1902. Ukishuka kwenye kijito chochote chenye mawe, angalia upande wa jiwe usiopigwa na jua. Selaginela haioti ndani ya maji, wala haioti juu ya jiwe kavu. Inakaa kwenye ukanda wa katikati, pale udongo mwembamba wa majani yaliyooza umejishikiza kwenye jiwe, maji yanapita bila kutuama, na hewa ya kijito inapanda muda wote. Huko Usambara ndiko Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alikookota, mwaka 1892, ua la zambarau ambalo dunia nzima sasa inaliweka madirishani na kuliita urujuani wa Afrika. Ua hilo nalo linapenda mawe ya namna hiyo. Kwa hiyo, ukitafuta mmea wa kupanda pamoja na selaginela, jirani wa kweli unaye, pamoja na makangaga madogo na zile balsamu za mwituni zenye maua ya waridi.

Kutoka hapo kazi ya bustani inaeleweka. Tunataka kivuli, udongo usiotuamisha maji, na hewa isiyokimbia.

Kivuli kwanza, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea wakiwa na nia njema. Kivuli cha ukuta si sawa na kivuli cha mti. Ukuta wa saruji unaotazama magharibi hupigwa na jua la alasiri na kurudisha joto usiku. Chini yake ni giza kavu. Mti wenye majani mengi, mparachichi au mfenesi kwa mfano, hutoa mvuke wake mwenyewe na hupoza hewa iliyo chini. Jua la asubuhi la saa moja hadi saa mbili hivi halina neno nyanda za juu, hata husaidia. Jua la mchana, hata la nusu saa kupitia tundu la matawi, linaacha doa la manjano ambalo halirudi kijani. Pasipo na mti, neti ya kivuli iliyosukwa kwa kubana, ile ya asilimia 70 hadi 80, inafaa. Kitu kisichofaa ni giza kamili la chini ya ngazi. Mmea utarefuka, vijani vitaachana, na badala ya kutanda utakuwa nyuzi. Kipimo changu ni rahisi: kama unaweza kusoma gazeti pale saa sita mchana bila kukunja uso na bila kuwasha taa, panafaa.

Udongo wa selaginela ni mwepesi na mchachu kidogo. Mboji ya majani ndiyo msingi wake. Kusanya majani yaliyokauka, yaloweshe, yaache kwenye kona yakioza hadi yasikike laini mkononi na kunuka msitu; majani ya mparachichi huchukua muda, ya miti laini ni haraka. Changanya na mchanga wa mto wenye chembe kubwa na udongo kidogo wa bustani. Samadi mbichi isikaribie. Hata samadi iliyoiva iwe kidogo, kwa kuwa mmea huu umezoea sakafu ya msitu isiyo na shibe, na mbolea nyingi huunguza ncha kabla haijamfaa mtu. Anayetaka kulisha atumie mbolea ya maji iliyozimuliwa hadi robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi wakati mmea unakua, na aache kabisa kipindi cha baridi.

Wanaoishi Pwani watashawishika kutumia vumbi la makumbi ya nazi, na ni wazo zuri lenye mtego. Makumbi yanayofukiwa ufukweni yalainike kwa ajili ya usumba wa kamba hukaa kwenye maji ya bahari kwa miezi, na chumvi huingia kila uzi. Vumbi la namna hiyo ni lazima liloweshwe kwa maji baridi na kukamuliwa mara kadhaa. Hata la kiwandani lioshwe. Selaginela na chumvi havikai nyumba moja.

Hewa ndiyo kazi ngumu, na ndiyo inayomtofautisha anayefaulu na asiyefaulu. Usipande selaginela peke yake mahali peupe. Ipande chini ya mimea mingine: kangaga nyuma, migomba kando, mawe yenye vinyweleo katikati. Mawe yanahifadhi maji na kuyaachia polepole. Tofali la kuchoma lililovunjika linafanya kazi hiyo vilevile, na ni la bei nafuu kuliko mapambo yote ya dukani. Chimba kitanda kiwe chini kidogo kuliko njia, sentimita kumi hivi, ili hewa yenye unyevu itulie juu yake; lakini chini yake weka kokoto ili mvua ya masika isigeuze shimo kuwa dimbwi. Uzio wa mimea upande unaovumia upepo una faida kuliko kumwagilia mara mbili kwa siku. Najua mafundi wa siku hizi hupenda kumwaga zege na kutandika vigae ua mzima, eti usafi. Ua wa namna hiyo ni tanuri, na selaginela haitakaa humo hata ukiiombea.

Kunyunyizia majani maji kuna ubishi. Wapo wanaosema ndiyo tiba, wapo wanaosema ni kupoteza muda. Mimi niko katikati, ila nimeelemea upande wa pili. Matone huongeza unyevu wa hewa kwa dakika chache tu, kisha hali inarudi ilivyokuwa. Ukinyunyizia jioni mahali pasipo na mzunguko wa hewa, majani hulala yamelowa na ukungu unaanza. Afadhali kulowesha mawe, njia na udongo unaozunguka asubuhi, ili mvuke upande wenyewe wakati jua linapozidi. Kwa chungu cha ndani, sahani pana yenye kokoto na maji, chungu kikiwa kimekaa juu ya kokoto bila kugusa maji, inafanya kazi saa zote bila mtu kuikumbuka. Na kwa mche mgonjwa hakuna hospitali inayoshinda dumu la maji la plastiki lililokatwa kitako na kufunikwa juu yake. Hilo ni kasha la Ward la mtu wa kawaida. Liweke kivulini, maana kwenye jua litaupika mche kwa mchana mmoja, na ufungue kifuniko muda kidogo kila siku ili hewa ibadilike.

Tabianchi hubadilisha hesabu. Lushoto, Limuru, miteremko ya Kilimanjaro na Meru: huko S. kraussiana ni kama iko kwao, na adui wake ni ukame wa Januari na Februari. Nairobi, hewa ya mchana ya miezi hiyo hukauka kuliko watu wanavyodhani kwa kuwa hawatoki jasho. Ndipo dumu na kivuli cha mti vinapoonyesha kazi. Dar es Salaam na Mombasa shida ni nyingine. Unyevu wa hewani upo, hata zaidi ya unaotakiwa. Kinachoua ni joto, hasa la usiku, pamoja na upepo wa kaskazi wenye chumvi. Mmea wa milimani unaohitaji usiku wa baridi haupati pumziko. Ningemshauri mkaazi wa Pwani asihangaike na kraussiana bali atafute Selaginella willdenowii, asili yake Asia ya kusini-mashariki, ambayo huparamia na kustahimili joto kwa sharti la kivuli.

Hiyo willdenowii ina jambo linalostahili kusimama kidogo. Majani yake machanga kivulini yana bluu ya metali, rangi ambayo mtu hategemei kuiona kwenye jani. Hakuna rangi ya bluu ndani yake. Juu ya jani kuna matabaka membamba sana yanayorudisha mawimbi ya bluu ya mwanga na kupitisha mengine, na ndiyo maana jani likilowa bluu hufifia na likikauka hurudi. Ukiusogeza mmea huo kwenye mwanga mkali, majani mapya hutoka ya kijani kibichi tu, tena baadaye hugeuka shaba. Kwa mtunza bustani hicho ni kipimo kisichohitaji betri: bluu ikizidi, kivuli kinatosha, bluu ikitoweka, mwanga umezidi. Aina za kraussiana zenye ncha za dhahabu, zinazopendwa na wauzaji, hazinipi msisimko huo. Kwa jicho langu zinaonekana kama mmea wenye njaa. Ile iitwayo 'Brownii', inayojikusanya na kuwa kitumba cha kijani badala ya kutambaa, ni nzuri zaidi, na hukaa vizuri kwenye chungu kipana chenye kina kifupi.

Maji yenyewe ni muhimu kama kiasi chake. Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi usiku kucha kwanza. Maji ya visima vya Pwani, mengi yana chumvi, na dalili yake ni ncha zinazokauka zote pamoja, mmea mzima, hata kama hewa ni nzuri. Wenye kiyoyozi wana chanzo wasichokijua: matone yanayotiririka kwenye kile kimpira cha nje ni mvuke wa hewa uliopozwa, hayana chumvi, na jioni moja hujaza ndoo. Tahadhari ni kwamba sehemu ya nje ya kiyoyozi hutema hewa ya moto. Chota maji, lakini usipande chochote pale inapotema.

Kuzalisha ni sehemu ya raha. Geuza tena lile tawi ulilolitazama kwa lenzi. Pale linapogawanyika mara mbili utaona uzi mweupe, mnene kidogo kuliko vijani, usio na jani hata moja, ukijikunja kuelekea chini. Kwenye kraussiana uzi huo huanzia upande wa juu wa panda, unaruka shina na kushuka. Bado si mzizi. Ni kiungo cha pekee cha mimea hii, na kikigusa udongo wenye unyevu ndipo ncha yake hugawanyika na kuwa mizizi. Kwa hiyo kila panda ni mche unaosubiri. Kata vipande vya sentimita tano hadi nane, hakikisha kila kimoja kina panda angalau mbili, vilaze bapa juu ya mboji iliyoloweshwa, vibanie kwa vijiti au waya uliokunjwa ili panda ziguse udongo, kisha funika kwa dumu. Usivifukie, kipande kilichofukiwa huoza. Baada ya wiki tatu hadi sita ukikivuta kidogo kinakataa kutoka, ujue kimeshika. Watu huchomeka vijiti vya selaginela wima kama vya waridi au mhogo na kushangaa vinaposhindwa. Mmea huu huota ukiwa umelala.

Kupitia spora inawezekana, ila sikushauri ufanye hivyo ila kwa udadisi. Selaginela ina spora za aina mbili, kubwa za kike na ndogo za kiume, na mbegu ya kiume ni lazima iogelee kwenye utando wa maji hadi kuifikia ya kike. Hapa napo tunaona jambo lilelile: bila unyevu wa juu ya udongo, hata kizazi kijacho hakipo.

Shida nyingine za kila siku nitazipitia kwa haraka. Konokono hula ncha usiku. Waokote kwa tochi. Kuku ni wabaya zaidi, kwa sababu hawali bali wanachakura, na zulia la mwaka mzima huondoka asubuhi moja. Matawi yenye miba yakitandazwa juu huwazuia mpaka mmea ushike. Majani makubwa ya mwembe au mfenesi yakianguka yaokote kwa mkono, maana ufagio unang'oa. Weusi unaoanzia chini ni maji yaliyotuama. Ukavu unaoanzia ncha ni hewa au chumvi. Weupe au manjano juu tu, upande mmoja, ni jua. Vijani vinavyojikunja kuelekea ndani ni kiu ya sasa hivi, na ukiwahi kufunika siku hiyohiyo vitafunguka.

Hilo la kujikunja limezaa uvumi kwamba selaginela haifi, hulala tu. Ni kweli kwa baadhi. Selaginella lepidophylla ya jangwa la Chihuahua, Mexico, hujikunja ikawa mpira mkavu na kufunguka tena ikipata maji, na hata Afrika tunazo za miambani, kama S. dregei, zenye uwezo huo. Zimejaaliwa sukari na mpangilio wa seli unaozilinda zisivunjike zikikauka. Kraussiana na willdenowii hazina kinga hiyo. Zikikauka mpaka zikavunjika mkononi, zimekufa, na kuziloweka kwenye beseni ni kuosha maiti.

Kwa upande mwingine, selaginela ikipapenda mahali haijui mipaka. New Zealand ni ushahidi. Kraussiana ilifikishwa huko kama pambo la bustani, ikatoroka, na sasa hutanda sakafu ya misitu kwa unene unaozuia mbegu za miti ya asili zisiote. Kipande kilichonasa kwenye buti au gurudumu kinatosha kuanzisha zulia jipya, kwa sababu ya panda zilezile tulizozitazama kwa lenzi. Nchi hiyo imepiga marufuku kuuzalisha na kuuuza. Kwetu kraussiana ni mwenyeji na ina wapinzani wake, lakini willdenowii na nyingine za Asia hazina. Amani wanajua gharama ya ukarimu wa namna hiyo: mti wa Maesopsis eminii uliletwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20 na ukaenea ndani ya msitu wa asili mpaka leo. Basi mwenye bustani inayopakana na msitu au kijito apande za hapahapa, tena azitoe kwenye kitalu au kwa jirani, si kwa kuzibandua kwenye mawe ya hifadhi. Na matawi anayopogoa asiyatupe mtoni wala kwenye korongo la nyuma ya nyumba. Ayaanike juani juu ya bati siku mbili, kisha ayatie kwenye shimo la mboji.